Lhasa kwa treni kutoka Xining: uzoefu wangu

Tunaosoma na kufanya kazi China tunaishika Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mkononi kila mara: lile jumba kubwa lililochorwa nyuma ya noti ya yuan 50 ni Potala. Wengi wetu hatujui kama tunaweza kufika. Tunaweza. Nimetoka huko, na niseme wazi tangu mwanzo kwamba mji ni mzuri kuliko nilivyotarajia, na kampuni iliyonipeleka ilifanya kazi nzuri isipokuwa kwenye ratiba. Lhasa iko karibu mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwili unahitaji muda wa kuizoea, na ratiba nyingi zinazouzwa hazijali hilo hata kidogo.

Nianze na karatasi. Mgeni haruhusiwi kuingia Tibet peke yake, hata akiwa na kibali cha kuishi China. Lazima upitie kampuni ya utalii, ndiyo ikuombee kibali cha Tibet, na uwe na mwongozaji. Unawatumia nakala ya pasi na viza, wanashughulikia wao. Ukienda kwa ndege utadaiwa kibali chenyewe, si picha kwenye simu, kwa hiyo anza mapema. Na usipange kwenda Machi, maana kwa kawaida wageni huzuiwa kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa mwezi huo. Upande huu kampuni yangu naipa alama zote. Kila kituo cha ukaguzi tulipita bila usumbufu.

Nilichagua treni, na ningechagua tena. Reli ya kufika Lhasa ilifunguliwa mwaka 2006. Kutoka Xining, mji mkuu wa mkoa wa Qinghai, ni kilomita 1,956, kama saa 21 hivi. Chagua treni inayoondoka Xining usiku, ili nyanda za juu uzipite mchana. Baada ya mji wa Golmud wanaanza kuingiza oksijeni kwenye mabehewa, na kando ya kila kitanda kuna tundu la kuchomeka mrija kwa anayezidiwa. Mwinuko unauona kwa macho: pakiti ya krispi niliyoiweka mezani ilivimba taratibu mpaka ikawa ngumu kama mpira. Tulipokuwa tunavuka kipito cha mlimani cha Tanggula, mita 5,072, behewa zima lilinyamaza. Watu walikuwa wamelala chali, mikono kwenye paji la uso. Nje kulikuwa na theluji, na mbele kidogo swala wa Tibet wakikimbia kuachana na reli.

Lakini asikudanganye mtu kwamba treni peke yake inauzoesha mwili. Inakupandisha haraka mno. Kilichonisaidia ni kulala Xining kwanza, ambako ni mita 2,260 hivi, kabla ya kupanda. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa nikisema Lhasa inalingana na Horombo, ambako ni mita 3,720. Horombo unafika kwa miguu, umeshalala Mandara, na kila mgumu, yaani mbeba mizigo, unayepishana naye anakwambia pole pole. Lhasa unaweza kushushwa na ndege ukitokea Chengdu, mji ulioko kama mita 500 tu, ndani ya saa mbili au tatu. Na kuwahi kupanda mlima miaka iliyopita hakukupi kinga yoyote. Mwili unaanza upya.

Sasa ratiba. Kampuni ilikuwa imetupangia Potala asubuhi ya kwanza baada ya kufika. Nilikataa, tukavutana, kwa sababu tiketi za Potala zinafungwa na namba ya pasi pamoja na saa ya kuingia. Mwongozaji wetu, kijana Mtibeti mwenye subira ya ajabu, alihangaika na simu mpaka akaisogeza mbele. Namshukuru sana. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja Mreno aliyekuja kwa ndege moja kwa moja. Alitapika usiku kucha, na hoteli ilikuwa imempa chumba ghorofa ya nne, lifti hakuna. Kichwa kilimgonga hivyo mpaka alipopelekwa kuwekewa oksijeni. Angepandishwa zile ngazi za Potala asubuhi hiyo, sijui ingekuwaje.

Kwa hiyo ukisaini mkataba, dai siku ya kwanza iwe ya kukaa. Kunywa maji, kula kidogo, acha pombe na vidonge vya usingizi. Mwone daktari kabla ya safari umuulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, hasa kama dawa zenye salfa zinakudhuru. Na mtu akianza kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, au kukohoa huku anahema hata akiwa amekaa, hapo hakuna cha kusubiri kupambazuke. Ateremshwe.

Potala yenyewe inastahili kila tone la jasho. Ujenzi wake ulianza mwaka 1645 chini ya Dalai Lama wa 5 (Dalai Lama ni kiongozi mkuu wa dini ya Kibudha ya Tibet), na Dalai Lama waliofuata waliishi humo hadi wa 14 alipoondoka mwaka 1959. Ndani unapewa kama saa moja, na kwenye vyumba vya ibada picha ni marufuku. Kaburi la huyo wa 5 limefunikwa kwa dhahabu zaidi ya kilo 3,000, lakini mimi nilivutwa zaidi na kuta. Ule mkanda wa rangi ya damu ya mzee juu ya Jumba Jekundu, sehemu ya Potala, ambao kwa mbali unadhani ni rangi tu, ukisogea unakuta ni vijiti vyembamba maelfu kwa maelfu, vimefungwa vifungu vifungu na kupangwa ncha zikitazama nje, kisha vikapakwa rangi. Kuta nyeupe hupakwa chokaa upya kila msimu wa vuli, na mwongozaji alituambia wanaichanganya na maziwa, asali na sukari.

Hata hivyo, mahali nilipopapenda kuliko pote ni Barkhor, njia inayozunguka hekalu la Jokhang. Mahujaji wanaizunguka kutoka alfajiri, wote upande mmoja, mkono wa kulia kwa hekalu. Wengine wanasujudu mwili mzima ardhini, wananyanyuka, wanapiga hatua, wanasujudu tena, wamevaa vibao viganjani na aproni nene ya ngozi. Mawe ya mbele ya mlango yameng'aa kwa kusuguliwa na miili ya watu. Bibi mmoja aliniangalia, akanishika mkono, akaniweka kwenye msafara, tukazunguka pamoja bila lugha hata moja ya kuelewana. Kuhusu siasa, usimhoji mwongozaji. Wewe utaondoka, yeye anabaki.

Chakula si shida hata kwa Mwislamu. Waislamu wapo Lhasa tangu zamani, Msikiti Mkuu uko karibu na Barkhor, na jirani yake kuna migahawa ya tambi na nyama halali. Chai ya siagi ina chumvi, wengi itawachukua muda. Lakini ile chai tamu ya maziwa ya vibandani ungeweza kuinywa Tanga usishtuke. Unaweka hela ndogo ndogo mezani, mama mwenye chupa kubwa anapita, anakujazia kigilasi, anachukua zake mwenyewe na kukuachia chenji. Nilikaa humo mchana mzima katikati ya wazee wanaopiga soga, na kifua kikaacha kunibana.

Ziwa Yamdrok, mita 4,441, liache mwisho wa safari. Kampuni ililiweka mwisho, na hapo walipatia.

Nawapa nyota nne. Nimewaandikia waondoe Potala kwenye asubuhi ya kwanza na waulize kila mteja atafika kwa njia gani kabla ya kumgawia chumba cha ghorofani. Wakilirekebisha hilo, nitawaongezea ya tano.