Woga Kula Roho: muvi ya kutazama mdomo ukiwa umefungwa

Jina la filamu hii lina kosa la sarufi, na kosa lenyewe ni la makusudi. Kwa Kijerumani inaitwa Angst essen Seele auf. Kitenzi kimeachwa kibichi, kama mgeni anavyokitamka, sawasawa na mtu anayesema "woga kula roho" badala ya "woga hula roho". Msemaji ni Ali, fundi gereji kutoka Moroko. Ukiwekewa nakala ambayo maandishi ya chini yamemnyoosha lugha akaongea kama mtangazaji wa redio, irudishe, maana hapo nusu ya Ali imeshatupwa.

Mwongozaji wa Kijerumani Rainer Werner Fassbinder aliipiga mjini Munich mwaka 1973 kwa kama wiki mbili tu, ikatoka 1974. Emmi, mjane wa miaka 60 hivi anayeishi kwa kazi ya usafi, anaingia baa kujikinga na mvua. Mwanamke mmoja anamchokoza Ali akacheze na yule bibi, na Ali anakwenda kweli. Wanacheza, anamsindikiza nyumbani, analala huko, baadaye wanaoana. Mwanjelwa hapa Mbeya wangesema mama kapata kibenteni, kijana wa kulelewa, wakamaliza. Ila kibenteni hufuata hela, na Emmi hana hela. Watu wanakosa kapu la kuwatia hawa wawili, na hicho ndicho kinachowachoma.

Siku Emmi anapowatambulisha wanawe mume wake mpya, kijana wake mmoja anainuka na kuipiga televisheni teke hadi inapasuka. Dukani, Mangi, yaani mwenye duka wa mtaa wao, anajifanya haelewi Ali anaomba nini, wakati anaomba majarini tu. Halafu kuna ile bustani ya mgahawa: viti vya njano vitupu kila upande, wawili hawa katikati, wahudumu wamesimama mbali wanawakodolea macho. Hakuna anayewatukana. Kamera inakaa mbali kama jirani aliyeegemea mlango, na Emmi analia.

Sehemu ya pili, wakisharudi likizo, ndiyo inayoifanya filamu hii iwe kubwa. Ghafla kila mtu anacheka nao. Mangi anataka mteja wake arudi, jirani anahitaji mtu mwenye nguvu wa kumhamishia vitu, mwana wa Emmi anatafuta wa kumlelea mtoto wake. Dharau ya nje ikishapoa, inaingia ndani ya nyumba. Emmi anawaita wenzake wa kazini waje kumshika Ali misuli, kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Ali akiomba kuskusi, anaambiwa Ujerumani hawali vitu hivyo. Mtu wa Tukuyu aliyewahi kuambiwa humu ndani ndizi hazipikwi atajua kwa nini Ali anavaa koti na kutoka. Mwenye baa anajua kuipika hiyo kuskusi.

Kasoro zipo. Hao majirani wanageuka haraka mno, kama swichi. Waigizaji nao wanasimama wima na kutazamana muda mrefu. Aliyezoea vilio vya Bongo muvi atadhani wamesahau maneno. Vumilia dakika 20 za kwanza, jicho litazoea.

Kwa wenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi mtaani: picha yake ni ya umbo la runinga za zamani. Weka 4:3 na uache weusi ubaki pembeni. Ukiivuta ijaze kioo, nyuso zinanenepa na ile milango na ngazi zinazowabana wahusika zinapoteza kazi yake. Msiiweke jioni za masika, maana bati likipigwa na mvua ya Mbeya hakuna spika itakayookoa muvi ya kunong'ona.

Maandishi ya chini yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, mpaka yakae sawa. Yakizidi kuachana kadiri muda unavyokwenda, usihangaike na vitufe hivyo. Nakala iliyotoka kwenye televisheni za Ulaya hukimbia picha 25 kwa sekunde, na maandishi yametengenezwa kwa picha 24. Baada ya saa moja pengo linapita dakika mbili. Tafuta faili la maandishi ya nakala hiyohiyo, lipe jina lilelile la muvi, liweke folda moja nayo kwenye flashi.

Ma-DJ wanaotafsiri muvi kwa kuongea juu yake wataipenda, na wataiharibu. Utamu wake uko pale watu wanapotazamana, na DJ ukimya humuwasha. Akilazimika, aongee kwenye mazungumzo tu. Ana kazi nyingine ngumu: Ali amwamkieje Emmi? Kwetu kijana akishasema "shikamoo mama", kutongoza kumekufa. Ashike "habari za jioni" apite.

Karibu na mwisho wanacheza tena baa ileile, wimbo uleule. Hapo wengi huchomoa flashi wakidhani imeisha vizuri. Wakiwa bado wanacheza Ali anaanguka kwa vidonda vya tumbo, na daktari anamweleza Emmi kwamba huo ni ugonjwa wa wafanyakazi wageni wengi, atapona, kisha baada ya miezi sita atarudi hapohapo hospitali.