Tahadhari: Anayedai kuushika wasia wa marehemu wenu ni tapeli

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na lau nisingesikia kwamba mtu huyo huyo ameshaifuata familia nyengine ya Wete, Pemba, yenye msiba, ningeyanyamazia mpaka kaburini.

Siku ya kumi na moja baada ya kumzika Baba, nikiwa nimesharejea Unguja na Mama yumo ndani ya eda, nilipigiwa simu na mwanamme aliyenitaja kwa jina langu, akanipa pole kwa Kiarabu kilichonyooka, kisha akaniuliza kwa upole, "Wasia wa mzee mmeshaufungua?" Nilishituka, maana hilo ndilo swali lililokuwa likitukesha sisi watoto. Kila msimu wa karafuu Baba alikuwa akisema, "Mambo yangu nimeshayaandika," lakini hakupata kutwambia ameandika wapi wala kamkabidhi nani.

Tulikutana siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza moja ya kahawa nyuma ya Darajani. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya mkono, na kwapani amebana faili la kijani lililofungwa kwa kamba. Alisema anafanya kazi katika ofisi ya Serikali inayohifadhi wasia, akanionyesha ndani ya simu yake picha ya bahasha ya kaki yenye jina kamili la Baba na muhuri wa lakiri nyekundu. Hakuniachia simu niishike. Aliishika mwenyewe, akaikuza picha kwa vidole viwili hadi likaonekana jina la babu yake Baba, ambalo hata wadogo zangu wengine hawalijui. Hapo moyo wangu ukatulia. Kisha akainama, akaninong'oneza kwamba ameshayaona yaliyomo, na kwamba shamba lote la mikarafuu nimeachiwa mimi.

Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Mimi niliyekaa chuoni miaka sita, nikafundishwa kwamba mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie, na kwamba wasia hauvuki theluthi ya mali, niliyasahau yote kwa mnong'ono mmoja. Nilimtumia kwa simu Sh 380,000 za "kufungua faili", na siku ya nne yake Sh 250,000 nyengine za "muhuri wa Kadhi", tena kwa kuwaficha ndugu zangu. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nilipokwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu hapa kwetu, karani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza pole pole, "Cheti cha kifo unacho?" Sikuwa nacho. Nilikuwa nimenunua wasia wa mtu ambaye kifo chake bado sijakisajili, na yule mwizi hakuwahi hata mara moja kuniulizia cheti hicho.

Mtu anayekula fedha za mayatima na vizuka, yaani wajane waliomo ndani ya eda, hafai kufungwa miezi mitatu akatoka akanenepa. Polisi nimeshapeleka taarifa, lakini lau ingekuwa shauri langu, angesimamishwa Darajani mchana wa Ijumaa, azirejeshe noti moja moja huku watu wakimtazama usoni, na kanzu ile avuliwe, kwa kuwa ni hiyo iliyonipofua zaidi kuliko maneno yake.

Dalili zilikuwepo. Jina lililotokea nilipotuma fedha lilikuwa la mwanamke. Kila nilipotaka tuonane ofisini alikuwa "yumo mkutanoni". Na yote aliyoyajua kuhusu sisi, majina, mtaa na msikiti aliosaliwa Baba, yalisomwa redioni katika tangazo la kifo, pamoja na jina la babu yake, ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika kwenye karatasi ya tangazo.

Wasia wa Baba tumeupata juzi. Mama, ambaye hakuna aliyemuuliza kwa kudhani kizuka hasumbuliwi, alituelekeza kwa wazee wawili wa msikitini waliotia saini zao kuwa mashahidi, nao wakatwambia tutazame ndani ya sanduku, chini ya misahafu. Ni daftari la skuli, limeingia harufu ya karafuu, na kurasa zilizoandikwa ni mbili tu: madeni yake ya dukani, siku za saumu anazodaiwa, na fungu dogo la kununulia mikeka ya msikiti. Shamba halikutajwa, wala mimi.

Mwenye kufuatwa na mtu huyo asimpe hata kikombe cha kahawa. Anijulishe twende polisi pamoja, kwa kuwa ile picha ya bahasha nataka niione tena.