TAHADHARI: "CMC" ya mfuko usio na jina na poda ya dhahabu wanazouziwa watengenezaji wa kofia za mahafali za kupamba keki

Waokaji wenzetu, msimu wa mahafali ndio msimu wa wauzaji hawa. Wanauza kwa picha mtandaoni, pesa mbele, na mzigo wao ni vitu vitatu: unga mweupe wanaouita CMC (unga wa kula wa kukazia donge la sukari), poda ya dhahabu ya kupaka kishada cha kofia, na kofia zilizo tayari wanazodai ni za sukari. Vyote huja katika vifuko vya nailoni visivyo na jina la kiwanda wala orodha ya viambato. Ukishavipokea, usitie hata kijiko kwenye kazi ya mteja kabla hujavipima.

Unga ndio unaoumiza wengi, kwa sababu hasara yake huonekana siku mbili baadaye. Fondanti, yaani donge laini la sukari la kufunikia keki, peke yake haikauki ikawa ngumu. Hubaki na ulaini ndani. CMC hufyonza maji yaliyomo, ikageuka jeli, na jeli hiyo ikikauka ndiyo inayokaza ubao wa kofia, ule mraba wa juu. Kipimo kinachofanya kazi ni kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa, kwa gramu 250 za fondanti. Kanda, funga isipate hewa, acha hadi kesho yake. Sukuma kwa unene wa milimita 3, kata mraba wa sentimita 9, laza juu ya sifongo kavu kwa siku 2 na uugeuze kila baada ya saa 12. Penye unyevunyevu ongeza siku ya tatu. Ubao uliokauka sawasawa ukiugonga kwa kucha unalia.

Wauzaji hawa hufunga wanga wa mahindi badala yake. Ukikanda utadhani umepata kitu halisi, maana donge linakaza mkononi papo hapo. Lakini wanga hukausha juu tu. Ukingo unapasuka nyufa nyembambanyembamba, katikati kunabaki kubichi, na siku ya kusimamisha kofia pembe zote 4 zinashuka kama kitambaa kilicholowa. Wengi hapo huongeza kijiko cha pili na cha tatu wakidhani walipunja, na donge linazidi kuvunjikavunjika. Ukiona hivyo, acha kuongeza, upime unga wenyewe.

Chukua robo kijiko cha chai cha unga, nyunyiza juu ya vijiko 2 vikubwa vya maji ya uvuguvugu, tikisa, uache usiku kucha. CMC huanza kwa mabonge, kisha yanayeyuka yenyewe na asubuhi unakuta ute mzito unaopitisha mwanga, ambao ndio gundi ya kula ya kubandikia kofia, kwa hiyo hukupoteza kitu. Wanga hukaa chini kama tope jeupe na maji yanabaki mepesi juu. Ukitaka uhakika wa haraka, dondoshea tone la iodini ya kusafishia vidonda kwenye unga kidogo ulioloweshwa pembeni: ukigeuka buluu iliyokolea hadi nyeusi, huo una wanga. Sampuli hiyo itupwe.

Tuwe waadilifu pia, maana si kila ubao ulioinama ni wizi. Rangi nyeusi ya jeli ikitiwa nyingi kwenye fondanti nyeupe hulegeza donge hata kama CMC ni halisi, na huacha uchungu mdomoni. Nunua fondanti iliyokuwa nyeusi tangu kiwandani, au anza na ya kahawia ndipo uiongezee nyeusi kidogo. Na kofia iliyokauka isiingie friji. Ikitoka huko inatoa jasho na ubao unalainika.

Poda ya dhahabu ni hatari ya aina nyingine, kwa kuwa hapa anayeumia ni mlaji. Neno "haina sumu" kwenye kifuko halimaanishi ni ya kula. Poda ya kula huandikwa wazi kuwa inaliwa na hutaja viambato vyake. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto 6 walitapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa poda ya rangi ya dhahabu-waridi. Uchunguzi ulikuta shaba nyingi ndani yake. Glita ya chembechembe unaweza kuitia kwenye maji ya moto: ya kula iliyotengenezwa kwa gamu huyeyuka, ya plastiki hubaki inaelea au kuzama vilevile. Poda laini haipimiki hivyo, kwani hata ile halali yenye mika (madini yanayong'aa) haiyeyuki. Kwa poda laini, lebo ndiyo kipimo pekee. Isipokuwa na viambato, usiipake, hata kwenye kishada unachopanga kukitoa, kwa sababu hupukutika juu ya krimu.

Kofia zilizo tayari nyingine si sukari kabisa. Ni porseleni baridi, yaani wanga uliopikwa na gundi nyeupe ya kubandikia karatasi na mbao. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Igeuze, lowesha kidole, usugue chini ya kikombe, yaani sehemu ya kofia inayobeba ubao: sukari inanata na kuchafua kidole kwa rangi, porseleni inabaki kavu na laini. Kabla ya kulipa, omba video ya muuzaji akifanya jambo hilohilo, kofia ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe. Akikutumia picha ileile ya tangazo, pesa yako ibaki kwako.

Kama umeshauziwa na keki inatoka kesho, kata kadibodi ya sentimita 9, izungushie karatasi nyeusi, iweke juu ya kikombe cha fondanti kilichokalia duara la plastiki ya chakula, na umwambie mteja kwa maandishi kwamba ubao hauliwi. Kifuko cha unga usikitupe. Kipige picha pande zote, pamoja na glasi ya maji yenye tope chini, uhifadhi na mazungumzo yote ya malipo.