Uzoefu wangu na kitabu cha majibizano manne ya Plato kuhusu kesi na kifo cha Socrates

Kitabu ninachokizungumzia ni cha jalada laini, tafsiri ya Kiingereza, nilichokipata kwa wauza vitabu vilivyotumika. Ndani yake mna majibizano manne ya Plato: Euthyphro, Utetezi, Crito na Phaedo. Yote yanahusu siku za mwisho za Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki na mwalimu wa Plato, aliyehukumiwa kifo mjini Athens mwaka 399 K.K. akiwa na miaka 70. Nakipendekeza kwa moyo wote, na sababu kubwa ni kwamba yamewekwa pamoja, tena kwa mfuatano. Ukilisoma Crito peke yake utampata Socrates ambaye siye.

Crito ni fupi, unalimaliza kwa mkao mmoja. Kabla hakujapambazuka, Crito, rafiki wa Socrates wa siku nyingi, anaingia gerezani, anamkuta amelala fofofo, anakaa pembeni bila kumwamsha. Mlinzi ameshapewa chake. Fedha zipo, na huko Thessaly, kaskazini mwa Ugiriki, kuna watu watakaompokea. Socrates anakataa kutoroka. Anazipa Sheria za Athens sauti, nazo zinamsemesha kama mzazi: sisi ndio tuliokulea na kukusomesha, na kama hukuridhika nasi ungeweza kuhama wakati wowote, mbona hukuhama? Likisomwa hivyo tu, linasikika kama mahubiri ya utii. Serikali imesema ufe, basi kufa.

Sasa rudi nyuma kwenye Utetezi, hotuba yake ya kujitetea mahakamani. Mtu huyohuyo, mbele ya mamia ya wazee wa baraza, anawaambia kwamba hata wakimwachia kwa sharti la kuacha kuhojiana na watu, atamtii mungu kuliko wao. Anawakumbusha pia enzi za utawala wa wale Thelathini, kikundi cha watu thelathini waliotawala Athens kwa mabavu, alipoitwa pamoja na wengine wanne wakaamriwa wakamlete Leon kutoka Salamis ili auawe. Wale wanne walikwenda. Yeye akaenda zake nyumbani. Angeweza kuuawa kwa hilo.

Hapo ndipo kitabu kiliponifungukia. Socrates hakuwa mtiifu kwa kila amri. Mpaka wake ulikuwa mmoja: hatamdhulumu mtu, hata akiamriwa, hata akiwa amedhulumiwa yeye kwanza. Kuamriwa kumkamata Leon ni kuamriwa kutenda dhuluma, akakataa. Kuhukumiwa kwa uonevu ni kutendewa dhuluma, akavumilia. Binafsi bado nabishana naye. Sioni wazi kwamba mtu aliyeonewa na baraza anaidhulumu nchi yake kwa kutoroka, na hoja ya Sheria kwamba kubaki mjini ni sawa na kukubali mkataba inanitia shaka kila ninapoirudia. Watu wangapi hubaki walipo kwa sababu hawana pa kwenda? Lakini ni ubishi wenye faida, maana unakulazimisha useme wewe unasimamia nini.

Euthyphro wengi hulipita haraka, na ni hasara. Mwenyewe Euthyphro amekwenda kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa. Baba akamfunga, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza afanywe nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Mtoto ana uhakika kwamba kumshtaki baba ni uchaji. Socrates anamuuliza swali moja linalobomoa uhakika wote: jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema? Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba za ibada, swali hilo si la Wagiriki peke yao. Jibizano linaisha bila jibu. Euthyphro anasema ana haraka, anaondoka.

Phaedo ndilo refu na gumu. Hoja za kuthibitisha kwamba roho haifi haziniridhishi zote, hasa ile ya vitu vinyume kuzaliana, kwamba uhai hutoka kwenye kifo kama kifo kinavyotoka kwenye uhai. Ila kuna sehemu ambayo Simmias, mmoja wa wafuasi wake waliokuja kumuaga, anauliza kama roho haiwezi kuwa mfano wa ulinganifu wa sauti za kinubi, unaopotea kinubi kikivunjika. Mwenzake Cebes naye anaongeza pingamizi lake, na waliomo gerezani wanavunjika moyo. Socrates hakasiriki. Anazipapasa nywele za Phaedo, kijana ambaye jibizano limeitwa kwa jina lake, anawaonya wasije wakachukia hoja kwa sababu tu hoja fulani zimewaangusha, kisha anaanza upya. Saa chache zimebaki anywe sumu, na wanafunzi wake wanaruhusiwa kumpinga. Sijasoma mwalimu anayeheshimu wanafunzi kuliko hapo.

Kuhusu kitabu chenyewe: maandishi ni madogo, na maelezo yamewekwa nyuma, kwa hiyo unafungua mbele na nyuma mara kwa mara. Karatasi ni nyepesi, kalamu ya wino inatokea upande wa pili, tumia penseli. Kilichonifaa sana ni namba za pambizoni, zinazotokana na chapa ya maandiko ya Plato iliyotolewa Geneva mwaka 1578. Kwa namba hizo unaweza kumwelekeza mwenzako kwenye sentensi ileile hata kama ana tafsiri nyingine, na mkisoma kwa kikundi hilo ni jambo kubwa. Utangulizi ni mrefu. Usome mwishoni, usije ukaingia ukiwa na majibu ya mhariri kichwani.

Kwa anayesomea sheria au ualimu, ningesema kinunue bila kusita. Ukiwa na nafasi ya kuanza na jibizano moja tu, anza na Utetezi, usome kwa sauti kwa sababu ni hotuba, na Crito lifuate siku hiyohiyo. Phaedo liachie wakati wenye utulivu.