Kitenganishi cha USB na kelele za hedifoni: tathmini baada ya miezi mitatu mjini Mtwara

Kazi yangu ni kunakili mahojiano yaliyorekodiwa vijijini, mengi yakiwa ya Newala na Tandahimba, ambako mzee anaweza kunyamaza sekunde kumi nzima kabla hajajibu swali, na ni katika kimya hicho mvumo wa umeme unapojaa masikioni. Kifaa ninachokitathmini hapa, kwa hiyo, sikukinunua kwa anasa ya muziki. Ni kitenganishi cha USB, kijisanduku cha ukubwa wa viberiti viwili kinachochomekwa kati ya kompyuta na amplifaya ya hedifoni. Ndani yake mna chipu ya ADuM4160 ya kampuni ya Analog Devices, ambayo hupitisha data kwa vikoili vidogo vya sumaku, hata waya wa upande wa kompyuta usigusane kabisa na waya wa upande wa amplifaya. Nilikiagiza Kariakoo kikaletwa kwa basi, na pamoja na gharama ya kifurushi kilinifikisha shilingi 52,000.

Niseme mapema kwamba kinafanya kazi yake vizuri, ila kazi yake ni moja, nami nilikuwa na kelele tatu.

Ya kwanza ilikuwa mluzi mwembamba uliobadilika kila niliposogeza mausi au kufungua ukurasa mzito. Huo ni uchafu wa kompyuta yenyewe: prosesa na kadi ya picha huvuta umeme kwa mishtuko, na mishtuko hiyo husafiri kwenye waya wa volti 5 na waya hasi wa USB hadi ndani ya amplifaya. Niliuthibitisha kwa njia rahisi, kwa kuchomoa waya wa USB huku amplifaya, ambayo ina adapta yake, ikiendelea kuwaka. Mluzi ukafa papo hapo. Nilipoweka kitenganishi, ulikufa vilevile, na tangu siku hiyo haujarudi. Kwa tatizo hili pekee, fedha yangu ilirudi.

Ya pili ilinisumbua zaidi. Ulikuwa mvumo mnene wa hezi 50, ambayo ndiyo kasi ya umeme wetu wa volti 230, ukiambatana na mvumo mwingine wa mara mbili yake, hezi 100. Kitenganishi kiliupunguza bila kuumaliza. Nilipouzungusha ufunguo wa sauti mvumo haukupanda wala kushuka, maana yake ulikuwa ukiingia baada ya sehemu ya kudhibiti sauti, si kutoka kwenye kompyuta. Jambo jingine ni kwamba nilipogusa bodi ya chuma ya amplifaya, yaani kasha lake la nje, kwa mgongo wa kidole nilihisi kitu kama utambaaji wa sisimizi, na kwa muda niliogusa mvumo ulipungua.

Hapo nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu Shangani. Alipima kwa mita kwenye soketi, akanyamaza, kisha akafungua ekstensheni niliyokuwa nimechomeka kila kitu. Waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umeachia skrubu yake, na ncha yake ilikuwa na kutu ya kijani, kama ilivyo desturi ya shaba inayokaa karibu na bahari. "Dada, ethi yako hii ni jina tu," akasema. Bila ethi, vichujio vilivyo ndani ya adapta za kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwenye bodi ya kifaa, na umeme huo ulikuwa ukitafuta njia ya kutokea kupitia waya wa hedifoni na mwili wangu. Tulibadilisha ekstensheni, akakaza pia maungio ya fimbo ya ethi iliyo nyuma ya nyumba, kwa kuwa mchanga wetu ukikauka wakati wa kiangazi haupitishi umeme vizuri. Mvumo ukaisha, na sisimizi nao wakaondoka.

Ninalisimulia hili kwa urefu kwa sababu wapo wanaoshauri kukata pini ya ethi ili mvumo uishe. Wakati mwingine huisha kweli. Lakini waya wa moto ukigusa bodi siku hiyo, hedifoni ndiyo iliyo kichwani mwako. Kitenganishi kinakata njia ya kelele upande wa data, mahali ambapo hakuna anayeumia.

Sasa kasoro zake. Kwanza, umeme kinaoutoa upande wa pili ni takriban miliampea 200 tu, wakati mlango wa kawaida wa USB 2.0 unaruhusu 500. Amplifaya ndogo inayotegemea USB peke yake itawaka, lakini ukiongeza sauti kwenye hedifoni nzito besi zinakatika na mara nyingine kifaa kinajizima. Pili, kasi yake inaishia megabiti 12 kwa sekunde, inayotosha sauti ya biti 24 na kilohezi 96 bila shida. Wenye mafaili makubwa zaidi ya hapo watafute aina nyingine. Kwa sauti za wazee wa Tandahimba zilizorekodiwa kwa simu, hata robo yake ni ziada.

Wenye amplifaya yenye tundu la umeme la pembeni wapitishe data tu kwenye kitenganishi, umeme watoe kwingine. Hapa pia nilijifunza kwa gharama: chaja ya simu ya bei ya chini niliyoijaribu ilileta mchakacho mbaya kuliko mluzi wa awali. Pawabanki ndiyo iliyonipa kimya cha kweli, na faida yake ya pili ni kwamba umeme ukikatika ninaendelea na laptopu bila kusimama. Pawabanki nyingine lakini hujizima zikiona matumizi ni madogo, kwa hiyo ijaribu kwanza dukani ukiwa na amplifaya yako mkononi.

Kelele ya tatu ni "tak" inayosikika friji inapojiwasha, na hiyo kitenganishi hakikuigusa kabisa, kwa kuwa haipiti kwenye USB. Nimehamishia meza kwenye soketi ya chumba kingine, imepungua hadi ninaweza kuivumilia, ingawa mzee akinyamaza muda mrefu bado ninaisikia.