Leveli ya kukuza mara 32: uzoefu wangu kwenye viwanja vya mteremko

Nasimamia ujenzi wa nyumba za kuishi, nyingi zikiwa Goba, Madale na Mbezi ya juu, Dar es Salaam. Anayezijua sehemu hizo anajua kwamba kiwanja tambarare huko ni bahati. Ndani ya kiwanja cha ishirini kwa thelathini, kona ya mbele na kona ya nyuma zinaweza kupishana hata mita mbili. Miaka yote nilikuwa nahamisha usawa kwa mpira wa maji na kamba, mpaka nikanunua leveli ya lenzi Kariakoo, yaani darubini ya kupimia usawa. Ni ya Kichina, haina jina kubwa, na boksi limeandikwa kwa maandishi manene kuwa inakuza mara 32. Pamoja na stendi na stafu ya mita tano, ule mti wa vipimo unaosomwa kupitia lenzi, haikufika milioni moja.

Kwanza niutetee mpira. Mpira unaoonyesha maji ndani, ukishatolewa mapovu yote, hausemi uongo. Kwa chumba kimoja au kwa kuweka linta bado nautumia, na fundi anayeudharau simwelewi. Shida inaanza kwenye mteremko. Huku mmoja anapiga kelele "shusha", kule mwenzake anajibu "pandisha wewe", mpira umejikunja kwenye kona, nusu yake iko juani na nusu kivulini. Kimo kikizidi kidogo tu, maji yanamwagika upande wa chini na mnaanza upya. Ndipo mnahamisha usawa vipande vipande, na kila kipande kinaongeza milimita zake. Ukirudi kwenye kona ya kwanza, alama hazikutani.

Leveli inaondoa hayo yote. Unasimika stendi, unakanyagia miguu yake ardhini, unazungusha skrubu tatu mpaka kiputo kiingie kwenye duara. Ndani kuna prizimu inayoning'inia, ambayo inamalizia yenyewe kuulaza mstari wa kusomea unaouona ndani ya lenzi. Kwenye mashine nyingi za aina hii inasahihisha mpaka dakika 15 za nyuzi, yaani robo ya digrii, ndiyo maana kiputo lazima kiwe ndani ya duara kwanza. Ukichungulia huku ukigonga mguu wa stendi kwa kidole, picha inacheza kisha inarudi palepale. Isiporudi, mashine hiyo irudishe kwenye rafu.

Hesabu yake ni kujumlisha na kutoa. Kwenye nyumba ya mwisho niliyoanza, nilipigilia msumari kwenye zege la kalavati mbele ya kiwanja, mahali ambapo hakuna greda wala kibarua atakayeugusa, nikaupa mwinuko wa mita 100.000, namba ya kuanzia tu. Stafu juu ya msumari ikasoma 1.425, kwa hiyo mstari wa lenzi uko 101.425. Sakafu niliitaka iwe 100.450, sentimita 45 juu ya msumari. Ukitoa unabaki na 0.975. Basi popote kwenye profaili, zile mbao za kuzungushia msingi, kijana anapandisha na kushusha stafu, nikisoma 0.975 nanyoosha mkono, naye anachora mstari kwenye mbao, chini ya kitako cha stafu. Hakuna kupigiana kelele. Profaili zote zilikuwa tayari kabla ya chai ya saa nne.

Jambo moja la kumfundisha huyo kijana: asiikaze stafu kama askari wa gwaride. Aiyumbishe taratibu mbele na nyuma. Namba ndogo kuliko zote inayopita kwenye mstari ndiyo ya kweli, kwa sababu hapo ndipo stafu imesimama wima.

Ila faida niliyoiona zaidi haiko kwenye profaili. Iko kwenye kuamua mambo kabla zege halijamwagwa. Kiwanja hicho kinashuka kuelekea nyuma, na shimo la maji taka tulilitaka mbele, karibu na geti, ili mpira wa gari la kunyonya ulifikie. Maana yake bomba lilipaswa kwenda kinyume na mteremko wa ardhi. Mwenye nyumba, alipoona tripu za kifusi zinazohitajika, akaniambia, "Fundi, si tushushe tu sakafu kozi mbili za tofali? Hela yote inaishia kwenye moramu, hiki kifusi." Nikamjibu, "Mama, njoo kwanza uone hizi namba." Bomba la inchi nne nalipa mteremko wa 1 kwa 40, sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kutoka chooni mpaka shimo ni mita 18, kwa hiyo linashuka sentimita 45. Kwa sakafu ya 100.450, likitoka sentimita 30 chini ya sakafu, linafika shimoni kwenye 99.700, sentimita 30 chini ya usawa wa barabara. Sawa kabisa. Tukishusha kozi mbili, yaani nusu mita, linaingia sentimita 80 chini, shimo lote linafuata kwenda chini, na mvua za masika zinaikuta sakafu iko chini ya barabara. Akanyamaza, akauliza tripu ya moramu siku hizi ni bei gani.

Kifusi chenyewe nilikihesabu kwa mashine hiyohiyo: visomo kila mita tano, wastani wa kina, mara eneo la msingi. Siyo sahihi mpaka tripu ya mwisho, maana kifusi kikishindiliwa kinapungua, lakini ugomvi na mwenye lori umepungua sana.

Sasa mabaya yake. Hiyo mara 32 ni namba ya muuza duka. Topcon AT-B4, mashine yenye heshima yake, inakuza mara 24 tu, na usahihi wake ni milimita 2.0 kwa kilomita moja ya kwenda na kurudi. Kwa umbali wa nyumba, ambao mara chache unazidi mita 40, kukuza sana hakukusaidii kitu, hasa mchana jua likiwaka na hewa juu ya mchanga ikitetemeka mpaka namba zinaogelea. Piga leveli asubuhi. Stafu nayo ni nyepesi, na vibonye vyake vya kufungia vipande vimeanza kulegea. Kipande cha juu kikiteleza hata nusu sentimita, kila kisomo cha juu kinaharibika na huwezi kujua. Stendi ni ya aluminiamu nyembamba; kwenye upepo naiwekea tofali chini katikati, nimelifunga kwa kamba.

Kubwa zaidi ni kwamba mashine ilitoka dukani ikiwa imepinda mstari. Niligundua kwa jaribio la vigingi viwili, ambalo kila mtu alifanye kabla ya kazi ya kwanza. Piga vigingi vikiwa na mita 40 kati yake, simika leveli katikati kabisa. Mimi nilisoma 1.512 na 1.287, tofauti 0.225. Tofauti hiyo ni ya kweli hata mashine ikiwa mbovu, kwa sababu umbali ni sawa na kosa linajifuta. Kisha sogeza mashine karibu na kigingi cha kwanza, hatua mbili hivi. Nilisoma 1.440, hivyo kule mbali nilitegemea 1.215. Nikapata 1.221. Milimita 6. Chini ya lenzi ya jicho kuna kifuniko, ndani yake skrubu ndogo; unaizungusha kidogo kidogo mpaka mstari ukae kwenye namba inayotakiwa, halafu unarudia jaribio lote.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikuchukua leza ya kuzunguka. Ndani ya nyumba, kwenye vigae na dari, leza ya kijani ni tamu sana. Nje kwenye jua la Dar huoni kitu bila kipokezi chake, na hapo bei inapaa. Wengine wananionyesha programu za simu. Simu hukosea kimo kwa mita kadhaa, na baadhi ya programu hazipimi kutoka usawa wa bahari bali kutoka umbo la dunia la kihesabu: ukisimama Coco Beach zinaweza kukuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Kwa msingi wa nyumba, hapana.

Mwenye kujenga nyumba yake moja tu, akodi kwa siku moja pamoja na mtu wa kuisoma. Fundi anayepata kazi za milimani mara kwa mara anunue, hata hii ya bei ndogo, ila aifungue boksi palepale kaunta na aulize pini ya kurekebishia iko wapi. Yangu haikuwemo. Nilikata spoko ya baiskeli, nikaichonga kwa tupa.