Duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, Mwanza: mzigo safi, profoma za kutilia shaka

Kwa mzigo sina neno. Saruji mpya, haina mabonge, na fundi wetu alipima nondo za mm 12 akakuta ni mm 12 kweli. Fuso ikapandisha hadi shuleni bila dereva kudai nyongeza ya mlima.

Shida ni karatasi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi. Tunajenga matundu ya vyoo, na utaratibu unataka profoma (karatasi za bei kabla ya kununua) za maduka matatu, ili bei zilinganishwe. Kijana wa kaunta hata hakuniacha nimalize. "Tulia mayu, zote nakutolea hapa hapa." Akavuta droo, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye mihuri, akagonga mmoja wa kwao na miwili ya majirani. Saruji kwao 22,000; kwa wengine 22,500 na 23,000. Zote tatu zimeandikwa "nodno mm 12".

Kosa moja kujirudia kwenye karatasi za wanaojiita washindani ni dalili iliyotajwa wazi kwenye mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, wa kunasa zabuni za njama. Na hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei au kula njama kwenye zabuni, adhabu yake ikiwa faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Ya mauzo, siyo ya faida!

Nikavuka barabara kwa jirani. Kabla ya bei akauliza, "Umeshapita kwa mwenzetu?" Kisha akataja 22,500 bila kutazama popote. Igoma, ambako muhuri wao haukuwemo koponi, nikapewa 20,800. Niliporudi Nyakato na karatasi hiyo wakashuka hadi 20,800 bila ubishi. Kwa mifuko 60 ni nafuu ya shilingi 72,000, na bado wanapata faida.

Nikamsimulia kijana habari ya malori ya Ulaya: watengenezaji walikula njama ya bei miaka 14, mmoja wao, MAN, ikawahi kuwachoma wenzake kwa wasimamizi wa ushindani, na mwaka 2016 ikasamehewa faini ya yuro bilioni 1.2 hivi huku wenzake wakitozwa karibu bilioni 2.9. Akauliza, "Kwa hiyo anayewahi kusema hatozwi?"

Ukinunua kwa hela yako, nenda, ila taja bei ya Igoma kwanza. Kwa hela ya kamati, profoma mbili zitafute kwa miguu yako. Na Fuso iagize asubuhi; mchana dereva hapatikani.